Mstatili una mistari 4 ya ulinganifu au 2? Mtoto kakoseshwa, nataka kwenda shule

MamaCherehani:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, kwa hiyo mkipanda hesabu za juu mtaniacha njiani. Binti yangu yuko darasa la sita. Jana karudi na daftari la Hisabati, kapata 6 kati ya 8. Waliomuangusha ni wawili: mstatili una mistari mingapi ya ulinganifu? Kaandika 4. Msambamba, lile umbo kama mstatili ulioinamishwa, je? Kaandika 2. Yote kosa.

Kinachoniuma ni kwamba niliyemsaidia ni mimi. Nilimwambia mstari wa ulinganifu ni ule unaogawa umbo vipande viwili sawa. Mstatili ukiukata katikati kwa urefu, sawa. Kwa upana, sawa. Ukiukata kona kwa kona unapata pembetatu mbili, nimezipima kwa tepu, hazizidiani hata nusu sentimita. Kona nyingine vilevile. Si ndiyo 4 hiyo? Na mraba aliandika 4 akapewa vema! Kwa nini ulalo wa mraba ukubaliwe, wa mstatili ukataliwe? Kesho nataka kwenda shule, ila sitaki kwenda kuaibika.

Chumvi_Kidogo:
Nenda dada. Walimu wa siku hizi wanasahihisha huku wanachati.

MwlChaki:
Dada, usimsikilize huyo hapo juu. Mwalimu yuko sahihi kwa yote mawili, na kosa lako wewe ni kosa la watu wengi sana, hata wanafunzi wangu wa sekondari wanalifanya.

Nikuulize kwa kazi yako. Ukikata kipande cha mbele cha gauni, unakata bega la kulia, halafu la kushoto? Hapana. Unakunja kitambaa, unachora nusu shingo, bega moja, kwapa moja, unakata mara moja, ukikunjua gauni limekamilika. Ule mkunjo ndio mstari wa ulinganifu. Mtoto umempa kipimo cha mkasi, swali linataka kipimo cha mkunjo. Vipande kuwa sawa hakutoshi, lazima kimoja kilale juu ya kingine bila kukiondoa mahali pake, kona juu ya kona, ukingo juu ya ukingo.

Chukua karatasi ya kawaida ya A4. Ikunje ili mkunjo wenyewe upite kona hadi kona. Usikate! Kisha utuambie umeona nini. Ukishamaliza, ndipo ukate kwenye ule mkunjo, ukitafute kile kipande cha pili kinavyoweza kukaa juu ya cha kwanza. Utalazimika kukizungusha nusu duara juu ya meza. Kuzungusha ni ulinganifu wa aina nyingine, ulinganifu wa mzunguko. Msambamba unao huo, lakini wa kukunja hauna hata mmoja. Jaribu kuukunja popote utakapo, kona zake zitatoka nje.

MamaCherehani:
Nimekunja. Kumbe! Yanatokea masikio mawili kama ya paka. Nimepima ncha ya sikio moja hadi la pili, sentimita 12. Mwalimu, na hili nalijua kwa mikono miaka yote. Kitambaa cha kichwa cha mraba ukikikunja kona kwa kona unapata pembetatu safi ya kujifunga. Kanga ukiifanyia hivyo haikubali, kona zinapishana. Nilikuwa nadhani ni kanga zimekatwa vibaya dukani.

Lakini rombasi je? Nayo imeinama kama msambamba.

MwlChaki:
Rombasi ina pande nne sawa, ndiyo maana ulalo wake wote miwili unakunjika vizuri. Kwa hiyo 2. Ukiikunja katikati ya pande, haikubali. Angalia kichekesho: mstatili unakubali katikati na kukataa kona, rombasi inakubali kona na kukataa katikati. Mraba ni mstatili na ni rombasi kwa pamoja, ndiyo maana umechukua yote manne. Pembetatu yenye pande tatu sawa, 3. Yenye pande mbili tu sawa, 1. Duara hana hesabu, kila mstari unaopita kitovuni ni wake.

Mpe binti herufi kubwa acheze nazo. Neno KIBOKO likunje kwa mstari wa kulala, juu na chini vinalaliana kila herufi. AMA inakunjika kwa mstari wa kusimama katikati ya M. N na S haziukubali mkunjo wowote, ila ukizigeuza juu chini unazisoma zilezile.

KijanaWaNgamiani:
Na mimi nina swali la kuwapasua vichwa: bendera ya Tanzania ina mistari mingapi? Ule mkanda mweusi wenye kingo za njano umelala kona kwa kona, msije mkasema 1.

MwlChaki:
Sifuri. Ni mstatili, hivyo ulalo umeshakataa. Katikati ukikunja, mkanda unaangukia upande ambao haupo. Hata usipojali rangi bado ni sifuri, umebaki kuizungusha tu. Ya Kenya ina mmoja wa kusimama, unapita katikati ya ngao.

MamaCherehani:
Binti ameshika moto, anakunja kila kitu humu ndani, mpaka risiti za umeme. Kanishika kwenye kanga niliyovaa. Nikamwambia pindo liko pande zote nne, kwa hiyo 2 kama mstatili wowote. Akasema mama, jina je? Ukilikunja linasomeka kichwa chini. Nikasema haya, tufanye jina halipo. Akasema na korosho? Mji wa kanga hii ni korosho moja kubwa, imepinda upande mmoja. Sifuri! Kisha kaleta shati la kaka yake: mfuko uko kushoto peke yake.

Shule nitakwenda Ijumaa, nina sare mbili za kupeleka. La daftari siligusi.