Naomba ushauri: wifi ya jengo inagoma kila usiku

Wakuu, habari zenu. Niko ghorofa ya tatu, Sinza. Wapangaji tunachangia intaneti moja ya faiba, ruta iko chini kwa mama mwenye nyumba. Mchana safi. Kuanzia saa mbili usiku simu inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Saa hizohizo nikichomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, spidi ni nzuri, kwa hiyo nahisi shida ni mawimbi, siyo laini. Wifi za majirani karibu zote ziko chaneli 6 (njia ya mawimbi) ya GHz 2.4, masafa ya wifi yanayofika mbali. Ruta yetu tuihamishie chaneli 1 au 11? Masafa mengine ya wifi, GHz 5, hayapenyi zege hadi kwangu. Au tuvute waya tufunge kifaa cha pili cha kurusha wifi huku juu? Binti yangu yuko kidato cha nne, anasomea mtandaoni usiku, inaniuma sana akikwama. Mliowahi kufunga kwenye ghorofa, mnanishauri nianzie wapi?