Robinson Crusoe: ni riwaya kali kweli au tunaisifia kwa vile ni ya zamani?

Mleta mada:
Wadau, nimemaliza Robinson Crusoe ya Daniel Defoe, ile nzima ya 1719 sio zile zilizofupishwa za watoto, na kiukweli nimebaki vuguvugu tu. Mbaya sio, ila hii sifa kwamba ndio baba wa hadithi zote za kunusurika mimi sijaiona. Jamaa meli yake inakwama, anabaki yeye tu, anakaa kisiwani miaka 28, sawa, lakini anaanza na meli nzima ya mzigo, bunduki, baruti, mchele, jibini, ramu, sanduku la seremala, kaenda kwenye ile meli zaidi ya mara 10 anabeba tu. Sasa hapo mtu anapambana na kifo au anahamisha stoo? Halafu kila kitu lazima akipigie hesabu, hata mateso yake anayaandika mabaya upande huu mazuri upande ule, na ule upweke ambao ndio nilikuwa nautafuta anaugusa juu juu anapita. Hivi kijana anayeanza kusoma hadithi za aina hii bado tumpe hiki kwanza, au tunarudia tu sifa tulizozikuta?

Mchangiaji 1:
Mkuu umemwonea. Hizo hesabu ndio utamu wenyewe! Ubao mmoja wa shelfu unamla siku 42, kwa sababu hana namna ya kupasua mbao kwa hiyo anaangusha mti mzima anauchonga na shoka huku na huku mpaka ubaki ubao mmoja. Na ule mtumbwi je? Miezi na miezi anachonga mwerezi, unatoka mzuri kabisa, halafu haufiki majini maana hakuwaza atausogezaje 😂 Shujaa mjinga namna hiyo ndio binadamu. Mwanafalsafa Rousseau mwenyewe kwenye Emile (1762), kitabu chake cha malezi na elimu, alisema hiki ndio kitabu cha kwanza mwanafunzi wake atasoma.

Mchangiaji 2:
Nyie mnabishania mbao, mimi nilikwama kwa Xury, yule kijana mtumwa wa mwanzoni. Huyu Crusoe alishakuwa mtumwa mwenyewe kule Salé, Morocco, akatoroka na huyo kijana, wakahangaika wote baharini, wakaokolewa na nahodha Mreno, na kinachofuata? Anamuuzia nahodha yule yule kijana kwa vipande 60 vya fedha, eti ataachiwa huru baada ya miaka 10 akiwa Mkristo. Baadaye ana shamba Brazil kazi imemzidi ndio anakumbuka alikosea kumwachia Xury, yaani amekosa mikono ya kazi, sio kwamba roho inamuuma. Na meli iliyomzamisha ilikuwa inaenda Guinea kuchukua watumwa! Kisiwani anatubu kurasa kwa kurasa kwamba hakumsikiliza baba yake, ila ile safari akiijutia ni kwa sababu angesubiri kidogo hao watumwa wangewanunua mlangoni kwao. Huo ndio majuto ya mcha Mungu? Friday naye, yule mwenyeji ambaye Crusoe anamwokoa asiliwe na watu na kumfanya mtumishi wake, kati ya maneno ya kwanza anayofundishwa ni kumwita Bwana.

Mchangiaji 3:
Yote kweli dada, lakini Defoe ndio kakuwekea hayo yote mezani, angeweza kumficha Xury na mtu asingejua. Na mleta mada, upweke hukuuona wapi? Rudi pale meli nyingine inapovunjika jirani na kisiwa, anatamani angeokoka walau mtu mmoja, anayarudia maneno hayo hayo huku ngumi zinajikunja zenyewe. Mimi hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Mleta mada:
Pale nilipaona, pazuri, ila ni ukurasa na kitu, miaka yuko peke yake ni kama 24 kabla Friday hajaja. Linganisha na Alexander Selkirk, yule baharia Mskoti wa kweli, sio wa hadithi, aliyekaa peke yake visiwa vya Juan Fernández, bahari ya Pasifiki karibu na Chile, 1704 mpaka 1709, na huyo aliomba mwenyewe ashushwe kwa vile hakuiamini meli. Kisa chake kifupi kinanitisha kuliko hizi kurasa zote. Penye Defoe ananikamata ni unyayo: miaka kama 15 hajaona mtu, siku moja anakuta alama ya mguu mmoja mchangani, na badala ya kufurahi anakimbia kujificha, anawaza hata kubomoa zizi la mbuzi wake ili mtu asijue anaishi hapo. Aliyelilia watu miaka yote sasa anawaogopa watu, hapo nampa zote. Na hoja ya Xury siipingi, ndio maana nasema kijana asikisome peke yake bila mtu wa kumwuliza maswali hayo. Ila jamani ametoka kisiwani, hadithi imeisha, sisi bado tunapelekwa milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, kwenye theluji kupigana na mbwa mwitu, ya nini?

Mchangiaji 1:
Mbwa mwitu nakuachia, hizo kurasa hata mimi huwa naziruka 😅 ila mtumbwi sikubali.