Acheni kuwasha magari ya kale "dakika kumi kila wiki" msimu wa baridi, mnaua injini!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, na sitajifanya mpole. Kila majira ya baridi yakikaribia, ushauri ni uleule: gari la kale likilazwa (likiwekwa msimu mzima bila kuendeshwa), liwashwe dakika kumi kila wiki "ili oili izunguke na betri isife". Wanaoutoa wanajiita mafundi. Kinachoudhi zaidi, hata wenye maghala wanaolipwa kulaza magari ya watu wameuweka kwenye orodha ya huduma zao, na bei juu. Yaani mteja analipia injini yake iharibiwe kwa ratiba.

Hebu tupige hesabu ya maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Gari likiwa barabarani na injini imepata moto kamili, mvuke unatoka nje na habari inaisha. Likinguruma ghalani kwenye baridi, mvuke unakutana na chuma baridi na kuwa maji: ndani ya bomba la moshi, ndani ya kava ya vali, na mwingine unapenya pembeni ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ule uchafu mzito kama mtindi unaouona chini ya kifuniko cha oili ndio huo. Sindano ya joto ikipanda mnafurahi, "injini imepata moto". Kilichopata moto ni maji ya rejeta! Oili iko nyuma sana. Inataka nusu saa hivi ya mwendo wenye mzigo ndipo maji na petroli vilivyomo ndani yake vivukizwe. Kunguruma pale pale hakuifikishi huko.

Halafu kuna choki, ile nobu ya kuwashia injini ikiwa baridi. Ukiivuta, petroli inaingia nyingi kuliko inavyoweza kuungua, na ile iliyobaki inaosha oili kwenye kuta za silinda. Unazima, unaondoka. Ukuta uko mtupu, una unyevu, unakaa hivyo siku saba. Kutu inaanza, wiki inayofuata ringi zinaikwangua, na mchezo unaanza upya. Msimu wa miezi mitano ni zaidi ya mara 20.

Na hiyo betri mnayodai kuiokoa? Stata imekula umeme mwingi kwa sekunde chache, na dinamo ya zamani injini ikinguruma taratibu hairudishi karibu chochote. Ndiyo maana ile taa nyekundu ya chaji inawaka. Kila wiki betri inashuka kidogo. Betri iliyojaa (volti 12.6 na kuendelea) haigandi kwenye baridi ya kawaida, lakini iliyokwisha inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Ichomoe, iweke kwenye chaja inayojizima yenyewe ikijaa, basi. Anza na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ila kwanza angalia ethi iko upande gani: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ethi yake ni chanya. Fundi anayechomoa hasi kwa mazoea huku spana ikigusa bodi atakumbushwa kwa cheche.

Kinachotakiwa ni kulilaza mara moja, vizuri, kisha kuliacha kabisa.

Oili inabadilishwa KABLA ya kulaza. Wale wa "nitabadilisha msimu ukifunguka" wanaacha beringi zikae miezi mitano ndani ya asidi na maji ya msimu mzima. Imwage ikiwa moto, weka filta mpya, endesha kilomita kadhaa ili oili safi ifike kila mahali, ndipo uzime. Mwisho wa yote, injini ikishazimwa kwa mara ya mwisho na kupoa, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kila silinda, zungusha injini kwa mkono mizunguko michache, rudisha plagi. Siku ya kuamka unatoa plagi, unachomoa waya wa koili ili isiwake, unapiga stata mpaka presha ya oili ionekane. Hapo ndipo unawasha.

Petroli: tia kwanza dawa ya kutuliza mafuta, kisha jaza tanki la chuma hadi juu, maana nafasi iliyo wazi ndiyo inayoshika umande na kutu. Endesha ili mafuta yenye dawa yafike kwenye kabureta, kisha kata pampu na uiache injini imalize yaliyo bakulini. Tafuta petroli yenye ethanoli kidogo kabisa inayopatikana. Ethanoli inavuta maji, na yakizidi kiwango inajitenga na petroli na kushuka nayo chini ya tanki, kule kule bomba linakonyonya. Hozi za zamani nazo inazilainisha mpaka zinabomoka.

Sasa hili la maji ya injini, ambalo ndilo linalonipandisha presha. Kuna "wataalamu" wanasema fungua bomba la chini la rejeta, maji yatoke, umemaliza. Hujamaliza! Bloku ina tundu lake la kutolea maji, na kwenye magari mengi limezibwa na tope la miaka. Ukilifungua na hakuna kinachotoka, usidhani ni kavu, chokoa kwa waya. Hita nayo inabaki na maji yake. Maji yakiganda yanapanuka karibu asilimia 9, na chuma cha kutupwa hakinyumbuki, kinapasuka. Usiniambie vile vizibo vya ubavuni mwa bloku vitaruka na kuiokoa. Hivyo vinaziba matundu ya kutolea mchanga wakati wa kusubu, na vikiruka ni bahati tu.

Weka dawa ya kuzuia kuganda, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvichumvi. Hiyo inakulinda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Theluthi moja ya dawa inakufikisha nyuzi 18 hivi. Na ninyi mnaomimina dawa tupu mkidhani mnazidisha kinga: glikoli ya ethilini isiyochanganywa inaganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Mmelipa zaidi, mmepata kidogo. Kwa rejeta ya shaba iliyolehemewa tumia dawa ya aina ya zamani yenye silikati; zile mpya za asidi za kikaboni zinaweza kula ulehemu na sili za zamani. Ukishachanganya, fungua vali ya hita na upashe injini moto hadi mchanganyiko ufike kila kona. Hapo ndipo upime unalinda hadi nyuzi ngapi.

Mengine kwa kifupi. Handibreki iachiliwe, zuia matairi kwa vigingi, la sivyo breki shuu zitashikana na ngoma. Upepo wa matairi upandishwe hadi paundi 45 hivi, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukiinua kwa stendi, ziweke chini ya ekseli au mikono ya saspensheni. Ukizikita kwenye chesi, miguu inaning'inia na bushi zinakaa zimejipinda msimu mzima. Turubai la plastiki litupwe: linafungia umande juu ya rangi. Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopumua.

---

BushiKavu: Mkuu, umesema kweli, ila umesahau chumvi. Gari limepita barabara iliyomwagiwa chumvi mara moja tu, linaingizwa ghala lenye hita likiwa limelowa, eti "joto litalikausha". Joto linaharakisha kutu! Kloridi ya kalsiamu na ya magnesiamu zinavuta unyevu hewani, kwa hiyo tope lililo ndani ya matao ya magurudumu halikauki kamwe. Osha chini kwa maji mengi, zibua matundu ya kutolea maji milangoni na kwenye vizingiti vya chini ya milango, acha likauke siku kadhaa kwenye upepo, ndipo upulize nta ndani ya vizingiti. Ile lami nyeusi ya zamani iliyopasuka ibandue, maji yanajificha nyuma yake. Unyevu wa ghala uwe asilimia 50 hivi. Ukishuka sana, mbao na ngozi zinapasuka.

Plagi_Nne: Nakupinga kwa jambo moja, mkuu. Tanki kujaa ni sawa kwa msimu mmoja. Gari likilala mwaka au zaidi, mwaga petroli yote. Dawa haiwezi kuituliza milele, na ile gundi ya rangi ya kahawia itaziba jeti zote, yale matundu madogo ya kabureta. Pia hujataja klachi: sahani yake inashikana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwenye unyevu. Kanyaga pedali, iegemeze kwa kipande cha mbao kati yake na kiti. Breki nazo: mafuta ya DOT 4 yanavuta unyevu, yabadilishwe kila miaka miwili, vinginevyo silinda za magurudumu zinaliwa kutu kwa ndani wakati gari limelala.

Choki_Imevutwa: Na sisi tunaoendesha mwaka mzima tusisahaulike. Dinamo ya ampea 22 ina wati 260 na kidogo, tena injini ikizunguka vizuri. Jumlisha taa kubwa, waipa, feni ya hita na koili, uone mjini inabaki ngapi. Halafu mtu anaongeza kioo cha nyuma cha kupasha moto na kulaumu betri. Mwingine gari linamkata pumzi asubuhi yenye ukungu, anabadilisha pampu, anabadilisha kondensa, kumbe kabureta imeganda kwa ndani. Hilo linatokea zaidi kati ya sifuri na nyuzi 10, hewa ikiwa na unyevu, wala si kwenye baridi kali. Geuza mdomo wa filta ya hewa uelekee upande wa ekzosi, mambo yataisha. Injini kongwe nyingi zina alama ya "baridi" na "joto" hapo kwenye filta na hakuna anayeisoma.

Mwanzisha uzi: @Plagi_Nne nimekubali, mwaka ukizidi mwaga. Kipande cha mbao kwenye klachi ni sawa pia, ila kwenye klachi ya haidroliki iliyochoka kagua kwanza kama silinda haivuji, maana utakuta pedali imelala na mafuta sakafuni.

Kwa wanaopeleka magari ghalani: waandikieni kwa maandishi kwamba injini ISIWASHWE. Ziba bomba la moshi na mdomo wa filta kwa nyuzi za chuma, panya wasijenge humo. Kisha funga karatasi kwenye usukani: bomba limezibwa, silinda zina oili, klachi ina kipande cha mbao. Funguo ondoka nazo, na wakidai ya kusogezea gari waambie lisukumwe, handibreki imeachiliwa.