Nasra kashikwa na degedege

Mama Nasra: Jamani niombeeni dua. Nasra kakakamaa ghafla, macho juu, mapovu yanamtoka, mwili unachemka. Ametulia sasa hivi. Mikono inanitetemeka hata kuandika.

Zuhura: Pole dada 😢 Bibi yuko hapa, naandika anachosema: hilo ni degedege, msimpeleke hospitali. Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Atafutwe mtu mwenye kinyesi cha tembo, afukizwe.

Shangazi Rehema: Shikamoo mama. Mama Nasra, lilimshika muda gani? Amezinduka?

Mama Nasra: Hata dakika mbili sidhani. Kazinduka, kanitambua, kalia. Baba yake alitaka kumtia kijiko asijing'ate.

Shangazi Rehema: Kijiko marufuku! Meno yatavunjika, akabwe nacho. Likirudi mlaze ubavu mate yatoke, mlegeze nguo, tazama saa. Likipita dakika tano hilo ni balaa jingine. Ila hata kama halirudi, aende hospitali SASA.

Juma: Mimi niko duka la dawa hapa. Ninunue dawa mseto ya malaria nimletee?

Shangazi Rehema: Bila kipimo? Homa inaweza kuwa malaria, sikio, mapafu, hata uti wa mgongo. Watoto wa miezi sita hadi miaka mitano wengi hushikwa kwa sababu ya homa tu, likapita bila madhara. Malaria ya kichwani nayo huanza hivyo hivyo. Kwa macho hata mimi nesi siwezi kuzitofautisha. Wewe lete bodaboda.

Zuhura: Bibi anasema Baba Mdogo alifukizwa akiwa mdogo, na huyo hapo mzima.

Baba Mdogo: Naam, na harufu naikumbuka 😂

Shangazi Rehema: Mama, degedege la homa mara nyingi huacha lenyewe, mafusho yakachukua sifa. Wale waliokufa kwenye sindano wengi walifikishwa siku ya tatu, damu imekwisha, sukari imeshuka. Sindano ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana, ikabebeshwa lawama.

Zuhura: Bibi kanyamaza. Kachukua kanga.

Mama Nasra: Tumeshapokelewa. Kipimo cha kidole kinasema malaria. Sukari ilikuwa chini, wamempandisha. Wamemlaza, wamemchoma artesunate, sindano ya malaria kali, wanasema watarudia baada ya saa 12, kisha saa 24.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah. Baada ya sindano lazima apewe dawa mseto siku tatu. Dozi ya pili apewe yakipita masaa nane tangu ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni. Mpe na maziwa au uji wa karanga, tumbo tupu dawa haiingii vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe. Na msimkatishe dawa akianza kukimbia, nawajua ninyi.

Zuhura: Bibi anauliza, sindano imeshaingia?

Mama Nasra: Imeingia, shikamoo bibi. Anadai soda.

Zuhura: Marahaba. Bibi anasema asipewe soda, apewe uji, anakuja nao. Wodini wanaingia wangapi?

Mama Nasra: Mmoja mmoja, saa kumi jioni.

Baba Mdogo: Chandarua cha Nasra si kile kilichochanika?

Mama Nasra: Ndicho hicho.

Juma: Nanunua kipya. Kitanda ni nne kwa sita au tano kwa sita?