Michezo ya kanda kugawanywa miji mitano: nini huvunjika kwanza?

Mwl_Nyakato
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Mwanza, mpira wa mikono ndio ugonjwa wangu. Mwaka 2019 nilisindikiza vijana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kule Mtwara. Siku mbili ndani ya basi, miguu imevimba kama mihogo, ila tukishafika tumefika: mabweni hapa, viwanja pale, sufuria la wali katikati.

Juzi tulibishana ofisini. Nikasema siku Tanzania ikipewa mashindano ya kanda yenye michezo mingi, tusirundike kila kitu Dar. Kuogelea Dar, riadha Arusha, ngumi Dodoma, netiboli Mbeya, mpira wa mikono Mwanza (najipendelea, najua). Mwalimu wa hesabu akacheka, "Utalia, mama." Hakufafanua, kengele ikalia.

Waliowahi kuyaona mashindano ya namna hiyo kwa macho, nini huvunjika kwanza? Viwanja?

Okello_wa_Kisumu
Mwalimu, mimi niko upande wako. Michezo ya Afrika ya 1987, tarehe 1 hadi 12 Agosti, ilikuwa Nairobi. Kasarani ilikuwa mpya, inanukia rangi. Sisi huku ziwani tulikula redio tu. Fainali ya mpira Misri wakatufunga moja bila, na hata kulia tulililia redioni. Michezo ikaisha, viwanja vikabaki Nairobi. Gawanyeni.

Dogo_wa_Pampanga
Shikamoo mwalimu. Viwanja havivunjiki kwanza. Vitanda na mabasi ndivyo.

Mwaka 2019 nilikuwa nasoma Angeles, Ufilipino, karibu kabisa na Clark. Kuanzia 30 Novemba hadi 11 Desemba walikuwa wenyeji wa Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia: nchi 11, michezo 56, medali za dhahabu 530 za kugombewa. Wakaigawa makundi manne. Clark na mji mpya wa jirani walipewa riadha na kuogelea, Manila kumbi zake, Subic bahari. Kundi la nne waliliita BLT, yaani Batangas, La Union na Tagaytay. Fungua ramani uone. La Union iko kaskazini, Tagaytay na Batangas kusini, Manila imekaa katikati yao. Kwenye karatasi ni kundi moja, barabarani ni safari ya siku nzima.

Kelele zilianza hata kabla ya ufunguzi. Timu ya mpira ya Timor-Leste ilisubiri uwanja wa ndege, halafu ikapelekwa hoteli isiyo yake. Wachezaji wa Kambodia walipigwa picha wamelala sakafuni kwenye ukumbi wa mikutano, vyumba havijawa tayari. Dunia nzima ikaona picha hizo kabla haijaona mbio hata moja. Viwanja vyenyewe vilikuwa vizuri, nilikwenda, sina neno.

Halafu tarehe 3 Desemba ikaja tufani, wenyewe waliiita Tisoy. La Union watu wa kuteleza na ubao juu ya mawimbi wakasimamishwa, Subic ratiba ikapanguliwa, ila michezo ya ndani iliendelea. Hapo ndipo nilipoona faida ya mpango wako: mji mmoja ukipigwa, mingine inapumua. Lakini pia nilijiuliza, mchezo ukisogezwa siku mbili, nani anamwambia dereva wa basi? Nani anamwambia mpishi?

Tufani ilipopita, mteleza mawimbi wa kwao, Roger Casugay, aliacha mashindano katikati kwenda kumwokoa mpinzani wa Indonesia ambaye kamba ya ubao wake ilikatika. Baadaye akachukua dhahabu. Siku hiyo nilikuwa na mtihani, mpaka leo inaniuma.

(Nje ya mada: mwenyeji ana nafasi kubwa ya kuchagua michezo. Waliingiza arnis, mchezo wao wa fimbo, dhahabu 20, wakabeba 14. Zamu yetu ikifika tudai bao.)

Mwl_Nyakato
Marahaba mwanangu. Sasa unaniambia nigawe au nisigawe?

Dogo_wa_Pampanga
Gawa, ila usigawe kama pilau ya harusi, kila meza sahani yake. Komoro wakileta watu 30 na daktari mmoja, daktari utamweka mji gani? Arusha mtu kachanika msuli, Dodoma mwingine kapasuliwa nyusi. Mimi ningechukua miji miwili, mitatu ikizidi, kila mmoja uwe na kijiji chake cha wachezaji, jiko lake, na mkubwa mmoja mwenye mamlaka ya kusogeza ratiba bila kupiga simu makao makuu.

Binti_Temeke
Naongezea la kwetu, ingawa ni mpira tu. CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 ilikuwa Dar, Zanzibar, Nairobi na Kampala. Ilipangwa Februari, ikasogezwa kwa sababu maandalizi hayakuwa tayari. Hatua ya makundi ilikwenda vizuri, timu nyingi zilikaa sehemu moja. Baada ya hapo, oneni Madagaska: makundi Tanzania, tarehe 22 wakawatoa Kenya Kasarani kwa penalti, tarehe 26 Dar tena na Sudan, tarehe 30 Nairobi tena kwenye fainali. Walifungwa 3-2 na Moroko, ambao nao walipitia Dar kututoa sisi, wakaenda Kampala, wakarudi Nairobi. Mimi nilikuwa Kwa Mkapa siku ya Moroko, msiniulize.

Hao ni wachezaji ishirini na kitu na mipira yao. Mwalimu, wa riadha wana fito za kurukia. Fito haiingii kwenye basi dogo.

Okello_wa_Kisumu
Hiyo ya fito sikuwa nimeifikiria kabisa.

Mwl_Nyakato
Asanteni. Nimempelekea mwalimu wa hesabu uzi mzima, kajibu neno moja: "Vitanda." Basi nimepunguza miji, imebaki Dar, Dodoma na Mwanza. Mbeya mnisamehe. Kesho Jumamosi naanza kupita kwenye mabweni ya vyuo vya hapa na daftari. Aliyewahi kulala hosteli yoyote ya Mwanza anitajie ilikuwa na vitanda vingapi kwa chumba, na kama maji yalikuwa yanapanda ghorofani.