Chumvi kwenye hita na filta za akwariamu: tupeane uzoefu wa siki

MbunaWaKisasa
Wakuu, habari za jioni. Leo fundi bomba kafungua bomba la mvua la bafuni lililoziba, akaligonga sakafuni, vikadondoka vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Nikaenda moja kwa moja kuliangalia tangi la samaki. Hita nyeupe yote, filta inanguruma. Wa Dodoma mnayajua maji yetu ya Mzakwe, sufuria ya chai tu inatosha kusimulia. Na baridi ya Juni na Julai huku hita huwezi kuikwepa.
Hita mimi nachomoa umeme, naiacha ipoe humohumo majini kama nusu saa, maana kioo cha moto kikikutana na ubaridi kinapasuka. Kisha naiegemeza kwenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kichwa cha waya kibaki nje, mpaka asubuhi. Nikipitisha mswaki mkuukuu inatakata. Kinachonisumbua ni ile sumaku inayozunguka ndani ya filta. Wenzangu mnafanyaje? Na waliopata majanga wasimulie pia.

Nkuhungu_Tank
Mzakwe hiyo! Kwangu mpaka kioo kina mstari mweupe.

NdimuTosha
Siki ya nini wakati ndimu zipo sokoni? Kata, sugua, suuza. Mnapenda gharama.

FundiPampu_Msa
@NdimuTosha ndimu itakufaa kwa mstari wa kwenye kioo. Kwenye tundu la sumaku utaisugua na kidole gani? Pale panataka kulowekwa, na nyama za ndimu zinaingia humo na kuganda.

NdimuTosha
Unachuja. Mbona rahisi tu.

FundiPampu_Msa
Basi chuja ndugu yangu, mimi niache na siki yangu.

Binti_Changombe
Uzi huu umenirudisha mbali. Saluni ya dada yangu ilikuwa na tangi la futi nne, samaki wa dhahabu, wateja wanasukwa huku wanawatazama. Siku hiyo kijana wa usafi aliambiwa aloweke pampu na kufuta ule mstari mweupe, akaachiwa chupa ya siki. Akaona siki inachelewa. Akachukua jiki, akamimina kwenye ndoo ileile, kule chooni, mlango umefungwa.
Tulimsikia anakohoa tukadhani ni vumbi. Mara harufu kali ikatufikia, macho yakawasha, koo likabana, wateja wakatoka mbio, mmoja nywele zimesukwa upande mmoja tu. Kijana alitoka anatambaa. Anataka kusema jambo, sentensi haifiki mwisho. Tukamkalisha nje penye upepo, tukasimamisha bajaji mpaka hospitali, akawekewa oksijeni na kulazwa. Daktari alituambia ile ilikuwa gesi ya klorini. Alipona, namshukuru Mungu mpaka leo.
Ndugu zangu, siki na jiki havikai ndoo moja. Hata ndimu na jiki. Ukiwa na kijana wa kazi usimwachie chupa ukaondoka. Mwambie, kisha umwambie tena.

SatoMwanza
Duh! Pole sana dada. Na yule wa nusu kichwa alirudi kumaliziwa?

Binti_Changombe
Alirudi jioni kaka. Lakini naomba hili tusilicheke, tulikaribia kuzika mtoto wa watu.

SatoMwanza
Nisamehe dada, sikukusudia. Huku kwetu maji ya Ziwa Victoria ni laini, huo ukoko mimi nausoma humu tu. Ila nauliza, siki ukiimwaga kidogo ndani ya tangi lenyewe si unasafisha vyote kwa mkupuo?

FundiPampu_Msa
USITHUBUTU. Siki inakula ile chokaa inayoshikilia pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu wake, pH inashuka ghafla. Halafu bakteria wanaigeuza chakula, wanazaliana, wanamaliza oksijeni. Jirani yangu hapa alifanya hivyo usiku, alfajiri samaki wote wako juu wanatweta, adhuhuri tangi limebaki tupu. Toa chombo nje, loweka, suuza mpaka harufu iishe, ndipo ukirudishe.

Nkuhungu_Tank
Na sifongo ya filta msiiloweke humo, bakteria wazuri wanaishi mle. Kamulia kwenye maji ya tangi basi.

MzeeWaUjiji
Vijana mnahangaika bure. Maji magumu yana samaki wake. Ziwa Tanganyika pH yake inakaribia 9, duboisi na frontosa wamezaliwa humo. Wewe unafuga samaki wa Amazon kwenye maji ya Mzakwe halafu unalaumu chumvi!

MbunaWaKisasa
Shikamoo mzee. Wangu ni mbuna wa Ziwa Nyasa, na maji haya wanayapenda. Hita ndiyo haiyapendi.

MzeeWaUjiji
Marahaba. Hapo nimekuelewa. Basi kinga maji ya mvua uwe unajazia yakipungua. Kinachopaa ni maji matupu, chokaa yote inabaki nyuma, nawe ukijazia ya bomba unaongeza nyingine juu yake.

MbunaWaKisasa
Mvua ya Dodoma mzee? Labda Januari.

FundiPampu_Msa
Turudi kwenye sumaku. Kisima chetu kimepita kwenye mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa tupu, kwa hiyo hii kazi naijua. Itoe sumaku na kijiti chake, weka kwenye siki isiyochanganywa, saa moja tu. Vipira usivilaze humo usiku kucha. Utaona mapovu. Yakikoma na ukoko bado upo, siki imeisha nguvu, mwaga uweke mpya. Usichokonoe na kisu, ukikikwaruza kijiti kelele haitaisha tena.

Nkuhungu_Tank
Mimi nachanganya na maji na kulaza usiku kucha, vipira vyangu vizima.

FundiPampu_Msa
Kwako sawa. Mimi nimevibadilisha sana.

MbunaWaKisasa
Nimeilaza tayari, mapovu kama soda. Nitaleta majibu.

Mgeni_Kikuyu
Samahani wakuu, nyumbani ipo siki ya tufaha tu, inafaa?

Nkuhungu_Tank
Ukoko itautoa, ila suuza sana na usiikaribie jiki. Nyeupe ni bei rahisi zaidi, pitia dukani.