Kadi imeandikwa "Black Tie", upande wa pili "Smoking": naombeni msaada kabla ya Jumamosi

Binti wa Chumbageni

Habari za saa hizi wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya makontena hapa Hamburg, mwaka wa sita sasa. Bosi wangu kanunua meza nzima, watu kumi, kwenye dhifa ya dansi ya kuadhimisha urafiki wa Uingereza na Ujerumani. Hela inakwenda kwenye kituo cha watoto wenye maradhi yasiyopona. Wawili wamejitoa dakika za mwisho, nafasi ikaniangukia mimi na mume wangu. Kiti kimoja euro 180! Mimi nimezoea kadi ya Double ya nyumbani: umeshachanga, unakula, unacheza, unaondoka na kipande cha keki kwenye tishu. Hapa nimepata kigugumizi.

Kadi ina pande mbili. Upande wa Kiingereza wameandika "Black Tie". Mume wangu akaenda mjini, akarudi na tai nyeusi ndefu, ile ya msibani. Nikageuza upande wa Kijerumani, wameandika "Smoking". Huyu bwana anavuta tangu kidato cha nne. Alivyofurahi! Nikamwambia haiwezekani watu wakaitwa kuvuta sigara kwa kadi ya dhahabu.

Naomba kujua: (a) tuvae nini, na je kitenge kinaruhusiwa, maana mimi ni mtu wa mtandio, (b) chakula tutafanyaje, sisi ni watu wa halali, (c) waltz hatuijui, tunajua mduara, (d) kuna kitu kinaitwa mnada wa kimya. Mnada unakuwaje kimya jamani?

Mzee wa Trei

Marahaba binti. Nimebeba trei kwenye dhifa za namna hiyo London miaka kumi na moja, kwa hiyo hapa umefika.

Hiyo tai irudisheni dukani kama risiti ipo. "Black Tie" na "Smoking" ni nguo ile ile: koti jeusi lenye kola ya kung'aa, suruali yenye utepe pembeni, shati jeupe na tai ya kipepeo. Mwingereza kaiita kwa tai yake. Mjerumani kaiita kwa koti ambalo zamani wanaume walilivaa kwenda kuvuta tumbaku baada ya kula. Asinunue, akodishe. Sigara zake aende nazo, ila atazivutia nje kwenye baridi.

Na kama ana kanzu safi na joho, avae hivyo hivyo. Vazi rasmi la kwenu halina ubishi. Niliwahi kumhudumia Mghana aliyejitanda kente begani, na wenzake waliokabwa shingo ndio waliokuwa wanamwonea wivu. Wewe shona kitenge, lakini kiguse sakafu. Cha magotini kibaki cha kitchen party.

Visu na uma usivihesabu. Anza na vya nje, sahani ikiondoka na vyake vinaondoka. Mkate wako ni wa kushoto, glasi zako za kulia. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Niliona bwana mmoja kachukua mkate wa kulia, jirani naye akachukua wa kulia kwake, meza nzima ikazunguka hivyo mpaka mama wa watu mwisho kabisa akakosa mkate, na kila mtu anatazama dari.

Halali waandikie waandaaji LEO. Mpishi akijua mapema atakupa samaki wa maana. Akijua saa mbili usiku utaletewa karoti. Na vile vitu vitamu vinavyotikisika vina jelatini, mara nyingi ya nguruwe. Uliza.

Watasimama kunyanyua glasi, moja ya Mfalme na moja ya Rais wa Ujerumani. Nyanyua maji yako, hakuna neno. Mwambie bwana asitoke kuvuta kabla ya hapo, Waingereza wa zamani wanalishika sana hilo. Ukiona ua jekundu la karatasi kifuani mwa mtu, ni la kumbukumbu ya wafu wa vita, Novemba huvaliwa. Wajerumani hawalivai, usiulize kwa nini mezani.

Mdau wa Köln

Mzee kamaliza, naongeza ya huku kwetu.

Wajerumani wakigonganisha glasi wanatazamana machoni, mmoja mmoja. Ukitazama glasi wanaona umewadharau. Tembea na sarafu za chumba cha makoti. Na saa sita usiku huwa wanaleta soseji na sosi ya bizari, kila mtu anaishangilia, ni nguruwe hiyo. Usidanganywe na harufu.

Waltz msishindane nao, wengi walipelekwa shule ya dansi wakiwa na miaka kumi na tano. Ni moja-mbili-tatu, mguu mzito kwenye moja. Mkishindwa subirini disko, huko wote tunakuwa sawa.

Mnada wa kimya: vitu vimepangwa mezani, kila kimoja na karatasi yake. Unaandika namba yako na kiasi. Anayefuata anaandika zaidi. Muda ukiisha, wa mwisho kachukua na analipa usiku huo huo. Usiandike kwa aibu ya bosi!

Mjukuu wa Mpagazi

Dada vaa upendeze, sina neno. Ila nacheka peke yangu. Wewe ni wa Tanga! Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, hao marafiki walikutana hapo hapo Ras Kazone. Mwingereza kashusha askari kama 8,000, wengi wa kutoka India, Mjerumani ana kama 1,000 na wengi wao ni askari weusi wenzetu, nyuki nao wakaingilia. Ulaya wakaacha kupigana tarehe 11 Novemba 1918, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alikuja kusalimu amri tarehe 25, kule Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia. Mizigo ya wiki mbili hizo za ziada ilikuwa vichwani mwa nani? Babu wa mama yangu alimbebea Mjerumani mpaka akatekwa, akaanza kumbebea Mwingereza. Kilo zile zile.

Na mwaka 2023, wiki moja, Mfalme Charles yuko Kenya na Rais Steinmeier yuko Songea anaomba msamaha wa Maji Maji. Si wangechangia hata ndege.

Uliza kama kuna glasi ya wapagazi.

Binti wa Chumbageni

Mjukuu nimekusikia, na babu yako Mungu amrehemu. Lakini hizo 180 zinakwenda kwa watoto wagonjwa, haziendi kwa Lettow-Vorbeck. Mzee wa Trei, barua pepe nimetuma sasa hivi.

Binti wa Chumbageni

MREJESHO kama nilivyoahidi.

Kanzu na joho vilishinda. Mume wangu kapigwa picha kuliko bosi. Mimi nilivaa kitenge cha bluu mpaka chini, mtandio wa rangi moja. Ukumbi uko hatua chache kutoka ziwa Alster, mlangoni kuna Mskoti wa kupuliza zumari la mfuko, sauti inaingia mpaka kwenye meno. Samaki alikuwepo. Mkate nilichukua wa kushoto.

Mnada wa kimya bado haujaniingia. Kwetu mtu akitaka kutunza kwenye taarabu anainuka na noti yake, anazunguka ukumbi mzima, anacheza nayo mpaka kwa mwimbaji, na shoga yake aone. Hapa watu wenye hela wanainamia karatasi na kalamu fupi, wanaziba kwa mkono kama mtihani wa darasa la saba. Niliandika euro 40 kwenye kapu la majani ya chai na jemu ya machungwa. Niliporudi kuchungulia, kuna mtu kaandika 300. Kapu la chai!

Kulia kwangu alikaa mama mmoja wa miaka sabini na kitu. Baba yake alikuwa dereva wa jeshi la Kiingereza, alikuja Hamburg mji ukiwa vifusi baada ya mabomu ya Julai 1943, mabomu ya nchi yake mwenyewe. Akampenda binti wa Kijerumani. Bibi mzaa mama alikuwa amepoteza mdogo wake kwenye moto ule, akakataa kumtazama mkwe miaka minne. Alikuwa akimwekea sahani, halafu anakaa akiutazama ukuta. Siku aliyomtazama ilikuwa ya kumwambia soksi yake imetoboka, avue aishone. Huyo mama alinionyesha kwa kidole tobo lilipokuwa, hapa kisiginoni.

Halafu akaniuliza natoka wapi. Mjukuu, nikakukumbuka. Nikasimulia nyuki, nikasimulia na babu yako na kilo zake. Meza ikanyamaza kidogo. Mzee mmoja Mwingereza akauliza, walilipwa? Nikamwambia wengi walikufa njiani. Nikaona nisiwaache hapo, nikawapa meli yetu ya Liemba: imejengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika 1916 na mashine wamezipaka grisi, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Yule mzee akasema basi hatimaye kuna kitu tulikikuta kimeharibika tukakitengeneza. Bosi wangu akacheka mpaka akafuta macho. Glasi ya wapagazi haikuwepo kwenye ratiba, lakini yule mama alinyanyua yake, akanitazama machoni. Nikanyanyua maji.

Waltz tulijaribu nusu. Mume wangu kakanyaga joho.

Tombola, yaani bahati nasibu, nilinunua tiketi sita, tano tupu, ya sita nimeshinda mwavuli mkubwa kama hema la msiba, una bendera zote mbili. Hamburg mvua ipo, lakini haupiti mlango wa treni. Nani yuko huku anauhitaji?

Mjukuu wa Mpagazi

Nitumie mimi Mwanza. Nani atalipia mzigo?